Jinsi ya kupima kama kemikali inazima thairodi, toka kwenye tyubu mpaka kwa panya

Mwanafunzi akishatoa kitu chake kwenye mmea, au msimamizi akimpa kichupa cha unga aambiwe kaangalie kama kinagusa thairodi, ile tezi ya shingoni, mara nyingi anachokimbilia ni kuwalisha panya wiki mbili, anapima T4, yani homoni ya tezi hiyo kwenye damu, anakuta imeshuka, anaandika "kinazima thairodi" na kesi imeisha. Kiukweli hapo hajajua kitu bado. T4 inashuka kwa sababu kibao, panya akigoma kula inashuka, ini likichangamka inashuka, panya akiumwa tu inashuka. Kwahiyo kabla hujanunua hata tyubu moja jiulize hiki kitu changu kinagonga wapi, maana kila sehemu ina kipimo chake na ukichagua kipimo kisichoendana na sehemu utapata sifuri kwa kitu chenye nguvu, au utapata nguvu kwa kitu cha bure kabisa.

Sehemu zenyewe sio nyingi. Tezi inavuta madini joto, yani ayodini, kutoka kwenye damu kwa pampu inayoitwa NIS. Ikishaingia ndani kimeng'enya kinachoitwa TPO kinatumia haidrojeni peroksaidi kuibandika ayodini kwenye protini ya thairoglobulini, na hapohapo ndo zinaungwa homoni mbili, T4 na T3. Zikitoka kwenye damu, T4 inapunguzwa ayodini moja huko kwenye ini, figo na kwingine iwe T3, ambayo ndo yenye makali, halafu baadae ini linazisafisha zinatoka. Juu ya yote kuna pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, inayotuma homoni ya TSH, homoni zikipungua TSH inapanda, tezi inasukumwa ifanye kazi zaidi, seli zinanenepa na kuongezeka, shingo inavimba, ndo rovu au goita hiyo.

Sasa chukua mifano. Pakloreti na thiosayaneti zinaziba pampu. Methimazoli na propilthiourasili (hii tuiite PTU) zinagonga TPO, na PTU inaenda mbali zaidi inazuia na ile kazi ya kubadilisha T4 kuwa T3 nje ya tezi, methimazoli haifanyi hivo. Fenobabitoni, ile dawa ya kifafa, haigusi tezi kabisa ila inaamsha vimeng'enya vya ini vinavyofagia T4, na panya wako atakuonyesha T4 chini na TSH juu kama aliyepewa hizo zingine. Hawa wote wakipita kwenye kipimo kimoja cha damu wanaweza kufanana, ila kazi zao ni tofauti kabisa.

Nisogeze kidogo historia maana ndo ilikotoka njia yenyewe. Mwaka 1928 pale Johns Hopkins, Baltimore, Chesney na wenzake walikuwa na sungura wa utafiti wa kaswende, sungura wakawa wanaota rovu, ikaja kugundulika tatizo ni kabichi walizokuwa wanalishwa kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 40 New Zealand wakaona hivohivo kwa panya waliolishwa mbegu za jamii ya kabichi, na Baltimore tena akina Mackenzie na McCollum wakaona sulfaguanidini, dawa ya tumbo tu, inavimbisha tezi za panya. Edwin Astwood wa Boston akaunganisha, akachukua kemikali moja baada ya nyingine akawapa panya wadogo kwa siku 10 hivi, akatoa tezi, akapima uzito na kuziangalia kwenye hadubini, na mwaka 1943 akachapisha matokeo ya kemikali 106. Thiourea na thiourasili zikaibuka juu, mwaka huohuo akazitumia kwa wagonjwa wenye thairodi iliyozidi. PTU ikafata, na mwaka 1949 ikaja methimazoli. Kabimazoli wanayopewa wagonjwa wengi kwenye hospitali zetu ikifika mwilini inageuka kuwa methimazoli hiyohiyo.

Hiyo habari ya kugeuka ishike vizuri, itakuokoa pesa. Muhogo una linamarini. Ukiichukua linamarini safi ukaiweka kwenye tyubu na TPO hutaona chochote, sio kwamba muhogo hauna tatizo, ni kwamba linamarini inabidi ivunjwe itoe sianidi, halafu mwili uibadilishe sianidi kuwa thiosayaneti ili isiue, na thiosayaneti ndo inaenda kuziba pampu. Kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu ndo kilichofundisha dunia hili, kaskazini mwa kisiwa rovu lilikuwa tele na kusini magharibi kidogo, wakati madini joto yalikuwa haba pande zote mbili, watafiti akina Delange na Ermans miaka ya 60 na kuendelea wakafatilia mpaka wakafika kwenye muhogo. Kabichi na jamaa zake nao hivohivo, progoitrini imelala kwenye jani, mpaka kimeng'enya cha mirosinesi kiikate ndo goitrini inatoka, na ukichemsha jani mapema unaua mirosinesi. Kwahiyo kama unafanya kazi na mmea, swali la kwanza ni je nilichonacho kwenye chupa ndicho kinachofika kwenye tezi? Kama hujui, peleka kipimo cha panya mapema usikae unapoteza miezi na tyubu.

Kuchagua kipimio

Usipime kitu chako peke yake. Kila siku ya kazi lazima iwepo kemikali inayojulikana ya kulinganisha nayo, hiyo ndo naiita kipimio: kwa TPO tumia methimazoli au PTU, kwa pampu tumia sodiamu au potasiamu pakloreti, na kwa panya tumia PTU. Nunua unga safi wa maabara wenye cheti, usisage vidonge vya duka la dawa, kidonge kina wanga na takataka zingine za kukifunga ambazo zitakusumbua kwenye kipimo cha rangi, na vilevile hujui kilikaa wapi kabla hakijakufikia.

Kitu kisichoyeyuka kwenye maji kiyeyushe kwenye DMSO, kiyeyushio cha maabara, ila hakikisha DMSO inabaki ileile kwenye tyubu zote ikiwemo ya kontroli, yani isiyo na kitu chako, asilimia 1 kwenda chini kwa tyubu na chini zaidi ya hapo kwa seli hai. Watu wanaongeza dozi kwa kuongeza ujazo wa DMSO alafu wanashangaa dozi kubwa "inafanya kazi", ni DMSO hiyo.

Kipimo cha TPO

Hapa ndo nakushauri ukae sana, kwa sababu ni rahisi, hauui mnyama wa ziada, na maabara nyingi za chuo zina spektrofotomita, mashine ya kupima rangi kwa mwanga, hata kama ni ya zamani.

Tezi unapata machinjioni. Nguruwe ndo anatumika zaidi, ongea na daktari wa mifugo wa machinjio siku moja kabla, nenda na ndoo ya barafu, tezi iko mbele ya koromeo, nyekundu iliyoiva na inang'aa kidogo, usije ukaichanganya na tezi za mate. Weka kwenye barafu hapohapo. Ukifika maabara ondoa mafuta na nyama ya pembeni, katakata, na OSHA DAMU. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, himoglobini nayo inafanya kazi kama peroksidesi, tezi yenye damu itakupa rangi nzuri kabisa ambayo haina uhusiano na TPO. Suuza kwa bafa baridi, yani maji ya chumvi yanayoshikilia pH, mpaka maji yatoke karibu meupe.

Saga kwenye bafa baridi yenye sukrosi na potasiamu ayodaidi kidogo, kama milimola 0.1, ayodaidi inasaidia kimeng'enya kisife. Zungusha kwenye sentrifuji kwa mwendo mdogo, g 1,000 hivi, mabaki mazito yanakaa chini unayatupa. Yale maji ya juu unayazungusha kwa g 100,000 saa zima, mashapo yanayobaki ndo mikrosomu, vipande vidogo vya utando wa seli, zenye TPO, zikoroge kwenye bafa mpya, gawa kwenye vichupa vidogovidogo, gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Usigandishe na kuyeyusha chupa moja mara tatu nne, kila mara kinakufa kidogo. Kama chuo chenu hakina sentrifuji ya mwendo mkubwa kuna njia ya kuzungukia, nunua laktoperoksidesi ya maziwa ya ng'ombe, ni ndugu wa TPO na wengi wameitumia kuchuja vitu vya mwanzo, lakini kwenye ripoti useme wazi ni laktoperoksidesi, sio TPO.

Kipimo chenyewe ni cha guayakoli, kemikali inayobadilika rangi kimeng'enya kikifanya kazi. Kwenye kiuveti, kile kichupa cha kuingiza kwenye mashine, weka bafa ya fosfeti pH 7.4, guayakoli milimola 33, kimeng'enya, kitu chako, halafu unaanzisha kwa haidrojeni peroksaidi milimola 0.27 na unasoma kwenye nanomita 470. Guayakoli ikishambuliwa inageuka rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, mstari unapanda, mwinuko wa mstari ndo kasi ya kimeng'enya. Soma kila sekunde chache kwa dakika moja au mbili, tumia sehemu ya mwanzo iliyonyooka tu. Usisome mara moja mwishoni ukasema "rangi imepungua", kwa nini, nitakwambia hapo chini.

Haidrojeni peroksaidi ni mnafiki. Chupa ya asilimia 30 ikiwa mpya ni kama mola 9.8 lakini ikikaa inashuka kimyakimya, kwahiyo kila asubuhi ipunguze kama mara 1,000, isome kwenye nanomita 240 na ugawanye kwa 43.6 upate mola halisi. Milimola 10 inatakiwa ikupe kama 0.44. Ukisoma 0.2 jua chupa yako imechoka, usilazimishe.

Dozi zipange kwa kuruka mara tatu au mara kumi, mfano kuanzia mikromola 0.01 mpaka 100, kila dozi tyubu tatu, rudia yote siku nyingine na kimeng'enya kingine. Chora asilimia ya kasi iliyobaki dhidi ya logi ya dozi, upate IC50, yani dozi inayokata kasi nusu. Linganisha na methimazoli yako ya siku ileile. Namba ya IC50 kutoka kwenye jarida la mtu mwingine isikuumize kichwa, inabadilika na kiasi cha ayodaidi, kiasi cha kimeng'enya na peroksaidi, cha msingi ni uwiano wako na kipimio chako ndani ya hali moja.

Na kuhusu ayodaidi, hizi dawa za jamii ya thiourea zina tabia mbili. Ayodaidi ikiwepo ya kutosha zenyewe zinaungua polepole, zikiisha kimeng'enya kinarudi kazini. Ayodaidi ikiwa ndogo au haipo zinakiharibu kimeng'enya moja kwa moja. Kwahiyo ile ayodaidi uliyoweka wakati wa kusaga inaingia kwenye kipimo chako, hakikisha ni kiasi kilekile kila tyubu, au iondoe kwa dayalisisi, yani kuichuja nje kwa mfuko wa utando, kabla.

Sasa mitego, maana hapa ndo watu wa mimea tunaumbuka sana. Polifenoli, kemikali zilizojaa kwenye mimea, na vitamini C zinakula peroksaidi au zinairudisha rangi nyuma, mstari unalala chini kwa muda, halafu vikiisha unapanda kwa kasi ya kawaida kabisa. Ukisoma mwishoni mara moja utasema umezuia asilimia 60, lakini ukiangalia mstari wote utaona ni kuchelewa tu, kimeng'enya ni kizima. Kizuizi cha kweli kinalaza mwinuko wenyewe. Kingine, kitu chenye rangi yake kinasomeka 470 hata bila kimeng'enya, weka kontroli ya kitu chako bila kimeng'enya na nyingine bila peroksaidi. Kingine tena, kitu kikizidi kipimo cha kuyeyuka kinatengeneza ukungu, mwanga unatawanyika, mashine inasoma uongo. Tazama kiuveti kwa macho yako kabla hujaamini mashine.

Ukishapata mwinuko umelala kweli, fanya jaribio moja la ziada ambalo wengi wanaliruka. Changanya kimeng'enya, kitu chako na peroksaidi, acha dakika chache, halafu punguza mchanganyiko mara 50 au 100 kwenye kiuveti chenye guayakoli na peroksaidi mpya. Kazi ikirudi basi kizuizi ni cha kuachia. Isiporudi, na kama bila peroksaidi ilikuwa inarudi, basi kitu chako kinakiua kimeng'enya na chenyewe kinaishia hapohapo, kama inavyofanya resosinoli. Weka pia jaribio la kutumia ayodaidi yenyewe badala ya guayakoli, ukisoma nanomita 353 pale ayodini inapotengeneza ayoni ya ayodini tatu (triayodaidi), maana guayakoli sio kazi halisi ya TPO mwilini, kuna vitu vinazuia moja na kuacha nyingine.

Kipimo cha pampu

Hiki kinahitaji seli hai zenye NIS. Zinazotumika sana ni FRTL-5, za panya, na zinataka TSH kwenye chakula chao, ukiwanyima siku kadhaa NIS inapotea na utadhani kila kitu unachoweka kinazima. Siku hizi kuna seli za figo zilizopandikizwa NIS ya binadamu, hizo hazina shida ya TSH na zinakupa jibu la binadamu moja kwa moja. Unawapa seli ayodaidi na kitu chako kwa nusu saa hadi saa, unaosha haraka kwa bafa ya barafu, unavunja seli, unapima ayodaidi iliyoingia. Kusoma kuna njia mbili. Ya kwanza ni ayodini 125 yenye mionzi, ni nzuri ila inataka kibali, Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni mamlaka yao ya nyuklia, na kumbuka hiyo ayodini ikipaa ukaivuta inaenda kukaa kwenye tezi yako wewe mpimaji, nusu uhai wake ni kama siku 60, fanya kwenye kabati la hewa na upimwe shingo. Njia ya pili ni ya Sandell na Kolthoff, haina mionzi, ayodaidi inaharakisha seriamu ya njano kupoteza rangi mbele ya aseniki, unasoma kasi ya njano kupungua. Aseniki ni sumu, isimwagwe sinki, chupa yake ya taka ikae peke yake.

Kipimio ni pakloreti. Kazi moja inayojulikana ya mwaka 2004 kwenye seli zenye NIS ya binadamu iliona pakloreti ina nguvu kama mara 15 ya thiosayaneti na mara 240 ya naitreti, kwahiyo thiosayaneti yako ikitoka sawa na pakloreti kuna kitu hakiko sawa mahali. Na usisahau kupima kama seli ziko hai, seli iliyokufa haivuti ayodaidi na hilo sio kuzima thairodi, ni kuua tu.

Panya

Kibali cha kamati ya maadili ya chuo kwanza, hilo halina mjadala, na ombi lieleze kwanini tyubu hazitoshi.

Tumia madume wadogo wa umri mmoja, kama gramu 80 mpaka 120, kundi la 6 mpaka 8. Makundi: kontroli ya kibebeo tu, yani kile ulichoyeyushia kitu chako, dozi tatu za kitu chako, na PTU, miligramu 10 kwa kilo kwa siku ni ya kawaida. Wape kwa sindano ya mdomoni, yani bomba butu linaloshusha dawa tumboni, sio kwenye maji, maana PTU chungu na panya wanapunguza kunywa, mwisho hujui nani kapata nini. Wiki mbili zinatosha kwa kuchuja. Ukitaka kitu cha kupeleka kwenye mamlaka basi fata mwongozo wa OECD, jumuiya ya nchi inayotoa miongozo ya kupima kemikali, namba 407 wa siku 28 au 408 wa siku 90, huo wa pili tangu 2018 unadai T4, T3 na TSH.

Chakula ndo pana balaa. Chakula cha panya cha kwetu kinatengenezwa na soya na dagaa, soya ina isoflavoni zinazogonga TPO, dagaa na chumvi vinaleta madini joto, na kila mfuko una mchanganyiko wake. Nunua mfuko wa bechi moja utakaotosha mpaka mwisho, na ukiweza peleka sampo ipimwe ayodini. Madini joto yakiwa mengi mno kwenye chakula vitu vya kuziba pampu havitaonekana kabisa. Kule Darfur, Sudan, rovu lilihusishwa na uwele, yani nafaka yenyewe, kwahiyo usimpe panya wa kontroli chakula chochote ulichookota sokoni.

Pima uzito wa mwili na chakula kila siku. Ongeza kundi moja la kulishwa kiasi kilekile wanachokula wale wa dozi kubwa ila bila kitu chako, hata kama msimamizi analalamika gharama. Panya mwenye njaa T4 yake inashuka, lakini TSH haipandi, inabaki au inashuka nayo. Ukikuta T4 chini na TSH chini kwa panya aliyekonda, hapo hujazima thairodi, umemnyima hamu ya kula.

Siku ya mwisho chukua damu wote asubuhi masaa yaleyale, changanya mpangilio wa makundi, ukimaliza kontroli asubuhi na dozi kubwa mchana umejitengenezea tofauti mwenyewe. T4 ni ileile kwa wanyama wote ila TSH sio, seti ya elaiza (kipimo cha homoni kwa kingamwili) ya binadamu haisomi TSH ya panya, tafuta iliyoandikwa ya panya na uijaribu kwanza kwa damu ya kundi la PTU.

Tezi ya panya ni ndogo, miligramu kumi na kitu hadi ishirini, ukiigusagusa ikiwa mbichi inakauka mkononi na uzito unapotea. Toa koromeo zima na tezi ikiwa imeshikilia, iweke kwenye fomalini ya asilimia 10 siku nzima, kisha ndo uibandue chini ya lenzi na upime. Pima na ini. Kwenye hadubini tezi iliyozimwa kwa TPO inajulikana, seli zimesimama ndefu, koloidi, ule uteute wa katikati, imekwisha au imefifia, mishipa imejaa damu. Anayesoma slaidi asijue ni ya kundi gani.

Ukitaka kujua kinagonga wapi ukiwa na panya haohao, tumia ujanja wa wazee wa miaka ya 40. Ongeza kundi linalopata dozi pamoja na potasiamu ayodaidi kwenye maji, na kundi lingine linalopata dozi pamoja na T4 ya sindano, mikrogramu chache kwa siku. Ayodaidi ikirudisha tezi kawaida, tatizo lilikuwa pampu, kama thiosayaneti. Ayodaidi isiposaidia kitu ila T4 ikasaidia, mtuhumiwa wa kwanza ni TPO, ingawa ini nalo linaweza kutoa picha hiyo. T4 isiposaidia, basi uvimbe huo hautokani na TSH, uende ukatafute kwingine. Kama mnaruhusiwa mionzi kuna na jaribio la pakloreti, mpe panya ayodini yenye mionzi, subiri masaa machache, hesabu mionzi shingoni, mpige sindano ya pakloreti, hesabu tena. Ikishuka ghafla ina maana ayodini iliingia lakini haikubandikwa, TPO imezibwa. Kama haikuingia tangu mwanzo, pampu.

Ini likiwa zito, T4 chini, TSH imepanda kidogo na tyubu zako zote za TPO na pampu ziko safi, fikiria ini kwanza. Panya ni mwepesi sana kwa hili kwa sababu hana ile protini ya damu inayoshikilia T4 vizuri kama binadamu mzima, T4 yake inaishi nusu siku mpaka siku moja, ya binadamu kama wiki. Ndo maana vitu vingi vinavyovimbisha tezi ya panya havimfanyi mtu kitu. Hata viwango vya nguvu havihami, PTU ilimpita thiourasili mbali sana kwa panya, Astwood na Stanley walipopima kwa watu wenye ayodini ya mionzi tofauti ile haikuonekana.

Viluwiluwi

Kuna njia ya vyura nayo, OECD 231, ya siku 21. Kiluwiluwi bila homoni ya thairodi hageuki chura, anabaki kuogelea tu, mwanasayansi Gudernatsch alionyesha upande wa pili mwaka 1912, aliwalisha viluwiluwi thairodi wakageuka kabla ya wakati. Wanatumia chura wa kucha wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, wanaanza hatua ya 51, maji nyuzi 22, viluwiluwi 20 kwa tanki, matanki manne kwa dozi, siku ya 7 na ya 21 wanapima urefu wa mguu wa nyuma, urefu wa mwili na hatua aliyofikia, kisha tezi inaenda kwenye hadubini. Ni nzuri kwa viuatilifu vinavyoingia mtoni. Ila usichote viluwiluwi wa mtaroni ukadhani utalinganisha na majedwali ya OECD, hujui ni aina gani wala wana umri gani, na maji ya mtaroni yana vitu vyake.

Kuandika matokeo

Kwenye ripoti usiandike "kinazima thairodi" na kuishia hapo. Andika kinagonga wapi, kwa kipimo kipi, kwa nguvu gani ukilinganisha na PTU au pakloreti, na kwa mnyama gani. Mfano: "kinazuia TPO ya nguruwe, IC50 mara 8 ya methimazoli, hakigusi NIS ya binadamu mpaka mikromola 100, kwa panya kinapandisha TSH na kuongeza uzito wa tezi, ayodaidi haisaidii." Sentensi kama hiyo msomaji anaijua kazi yako yote. Kama kitu ni dondoo la mmea zima na sio kemikali moja, taja jinsi ulivyolitoa, ulichemsha au hukuchemsha, maana hiyo peke yake inaweza kubadilisha jibu. Na mtu akikuuliza kama bibi yake mwenye thairodi iliyozidi anywe hilo dondoo, mwambie aendelee na kabimazoli na kliniki yake. Thiourasili yenyewe iliyotoka kwenye panya wa Astwood ilikuja kuachwa kwa sababu ilikuwa inawamaliza baadhi ya wagonjwa chembe nyeupe za damu, na hilo hakuna tezi ya panya iliyolionyesha, kwahiyo weka na hesabu ya chembe nyeupe za panya wako kwenye jedwali la mwisho kama damu imebaki.